"Nyumba Hii Haiuzwi" Si Jina

Mwanafunzi mmoja wa chuo alinipa simu yake nikague kazi aliyoifanya tangu asubuhi. Alikuwa amepita vichochoro vya Tabata nyumba kwa nyumba, akiingiza taarifa kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Nikagusa nyumba ya kwanza. Kwenye nafasi ya jina palisomeka: "Nyumba hii haiuzwi". Nikaruka moja, nikagusa inayofuata: "Nyumba hii haiuzwi". Mbele kidogo palikuwa na nyumba iitwayo "Usikojoe hapa faini 50,000".

Nilicheka mpaka akanuna. "Sasa mwalimu, si wewe uliyesema tuandike kilichopo, tusibuni?"

Kweli nilisema. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii: andika ulichokiona kwa macho yako, si unachokisia. Naye alichokiona ni hicho. Kosa lilikuwa langu. Niliwafundisha kusoma ukuta, nikasahau kuwaambia kwamba ukuta wa nyumba ya Dar es Salaam unaongea na watu wengi kwa wakati mmoja.

Utazame vizuri. Maandishi makubwa ya rangi yanamwonya mnunuzi asije akatapeliwa na ndugu mmoja kwenye mirathi ya watu saba. Pembeni kuna X nyekundu ya watu wa barabara. Kuna namba ya mita ya umeme, na namba ya kiwanja ambayo mwenye nyumba aliipaka mwenyewe siku alipopimiwa. Kuna tangazo la mganga. Nusu ya ukuta imepakwa rangi ya kampuni ya simu pamoja na jina lake. Halafu juu ya mlango, kama kimepachikwa kwa aibu, kuna kibao cha anwani ya makazi. Vyote ni vya kweli, ila kila kimoja kina msomaji wake. Kinachomhusu mleta kifurushi, zimamoto na mgeni wa harusi ni kimoja tu, nacho ndicho kidogo kuliko vyote.

OpenStreetMap ilianzishwa mwaka 2004 na Mwingereza Steve Coast, wakati ambapo data nzuri za ramani za nchi yake zilikuwa za kununua, tena kwa bei. Msingi wake ni mwepesi. Kila kitu kwenye ramani ni nukta, mstari au umbo, na kila kimoja kinabandikwa lebo. Lebo ni swali na jibu lake. Maswali yameandikwa kwa Kiingereza na dunia nzima inatumia hayo hayo: "building" inauliza kama hili ni jengo na la aina gani, "name" inauliza jina, "addr:housenumber" namba ya nyumba, "addr:street" barabara inayobeba namba hiyo. Hakuna mkubwa wa kukukataza kubuni lebo yako. Lakini ukibuni isiyotumiwa na mwingine, hakuna programu itakayoisoma, na kazi yako itabaki pale bila faida kwa mtu.

Jina na anwani ni maswali mawili. Jina ni kile jengo linachoitwa. Anwani ni namna ya kulifikia. Jengo la Ushirika lina jina. Nyumba namba 14 haina, ina namba tu, na nyumba nyingi mno za mji huu ziko hivyo. Basi nafasi ya jina ibaki tupu. Hili huwa gumu kwa wanaoanza kazi, maana nafasi tupu kwenye fomu humkaa mtu kooni kama swali la mtihani aliloliruka. Halafu kuna kishawishi kingine: jina ndilo linalojitokeza kwa maandishi ukifungua ramani, wakati namba haionekani mpaka ukuze sana. Ndipo mtu anapoandika "Choo" kwenye jina la choo, "Duka" kwenye jina la duka na "Nyumba ya wageni" kwenye jina la nyumba ya wageni, ili vionekane. Choo kina lebo yake, duka lina lebo yake. Wakongwe wa kazi hii wana onyo moja wanalolirudia kila siku: usiweke lebo kwa ajili ya kupendezesha picha. Picha hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine, data ni ile ile.

Tukirudi Tabata, nyumba ya tano ya yule kijana ilikuwa na somo gumu zaidi. Ni nyumba ya kupanga, ina fremu nne zinazotazama njia. Ya kwanza saluni, ya pili wakala wa pesa, ya tatu imefungwa kwa kufuli, ya nne duka la Mangi. Yeye aliipa nyumba nzima jina la "Kwa Mangi". Wakazi nao ndivyo wanavyosema, hakubuni. Lakini Mangi ni mpangaji. Akihamia ng'ambo ya barabara mwezi ujao, nyumba haitamfuata. Kwa hiyo nyumba inabaki umbo lenye namba yake tu, na ndani ya umbo hilo kila fremu inawekewa nukta: saluni nukta yake, wakala nukta yake, Mangi nukta yake yenye lebo ya duka na jina lililoandikwa juu ya mlango. Mangi akihama, unahamisha nukta moja. Anayemtafuta fundi nywele haangukii kwenye debe la mafuta ya taa.

Majengo ya mjini yana ugonjwa huo huo, ukubwa tu ndio tofauti. Benki ikikaa chini ya ghorofa kwa miaka ishirini, ghorofa zima litaitwa kwa jina la benki, na wapangaji wa juu wataandika jina hilo kwenye kadi zao za biashara. Mchoraji ramani makini atasoma kwanza kilichoandikwa na mwenye jengo, kisha atatafuta mahali pa kuweka lile la watu.

Neno lililonitesa kuliko yote ni *mtaa*.

Ukiwa Kariakoo, mtaa ni njia ya kupita. Mtu akikwambia duka lake liko Aggrey na Likoma, amekutajia mitaa miwili inapokutana, nawe unafika bila kuuliza tena. Ukiwa Tabata, Tandale au Mbagala, mtaa ni serikali. Una mwenyekiti, una mtendaji, una ofisi yenye benchi nje na muhuri ndani, na ndiko unakokwenda kuchukua barua ya utambulisho. Ndani ya mtaa wa namna hiyo kuna njia nyingi, kuanzia barabara ya lami hadi vichochoro ambavyo bajaji haipiti. Sasa mpe mtu fomu ya Kiswahili yenye swali "Mtaa". Wa Kariakoo ataandika njia, wa Tabata ataandika serikali. Wote wamejibu sawasawa, na data imeharibika.

Inaharibika hivi. Programu ya kutafutia mahali, kwa mfano Nominatim inayotumiwa na OpenStreetMap yenyewe, ikikuta nyumba yenye "addr:street" huangalia barabara za jirani itafute yenye jina hilo. Ikiikuta, inaifunga namba kwenye barabara hiyo. Isipoikuta, inaangukia kwenye barabara iliyo karibu, hata kama mlango wa nyumba unatazama upande wa pili kabisa. Nyumba ya uchochoroni inajikuta imening'inizwa kwenye barabara kuu. Halafu kwa kuwa kila njia ina namba 14 yake, mtaa mmoja wa kiserikali unakuwa na namba 14 saba au nane, zote zinadai kuwa mahali pamoja. Tofauti ndogo nayo hutosha kuvuruga: barabara imeandikwa "Barabara ya Msikitini", nyumba zake zimeandikwa "Msikitini Rd", na kompyuta haina babu wa kuiambia kwamba ni kitu kimoja.

Si sisi peke yetu ambao anwani zetu hazikai vizuri kwenye fomu ya Kiingereza. Japani njia nyingi hazina majina kabisa. Mji umekatwa vipande, kipande kina namba, na nyumba ina namba yake ndani ya kipande. Wachoraji wa huko hawakuanza kubuni majina ya njia ili fomu ifurahi. Walijitengenezea lebo zinazofuata mpangilio wao, na programu zikazizoea. Hata Ulaya kuna vijiji ambavyo namba za nyumba zinafuata kijiji, si barabara, na kwa ajili yao ipo lebo ya "addr:place". Lebo hiyo ndiyo ninayowapa vijana wangu tunapofika sehemu ambayo namba iliyopo ukutani inafuata kitongoji na haina njia yoyote inayoibeba.

Ila kwa Tanzania, tangu 2022, mambo yamebadilika. Tarehe 8 Februari mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi jijini Dodoma, na kazi ikaenda mbio ili iwahi Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti. Ndani ya miezi michache njia ambazo tangu ziwepo hazijawahi kuitwa kitu zilipata majina, nguzo na vibao, na nyumba zikapata namba zinazofuata njia hizo. Palipo na kibao, basi, jibu la "addr:street" ni jina la njia lililopo kwenye nguzo, neno kwa neno. Mtaa wa kiserikali hauandikwi kwenye kila nyumba. Ukichora mpaka wake mara moja, pamoja na mpaka wa kata, kila nyumba iliyo ndani inajulikana ilipo. Postikodi nayo ni vivyo hivyo: ni tarakimu tano, na kata nzima inatumia moja, kwa hiyo haimtofautishi jirani na jirani. Nimewaona watu wakitumia jioni nzima kubandika tarakimu hizo tano kwenye paa mia tatu. Wangeweza kulala.

Namba ya kiwanja niiseme hapa kwa sababu inapotosha hata watu wazima. "Kiwanja Na. 210, Kitalu C" ni namba ya ardhi. Mwenye kiwanja akijenga nyumba ya mbele, akamjengea mwanawe ya nyuma, kisha akauza kipande cha upande, namba ya ardhi inabaki na historia yake na nyumba zinabaki na zake. Ofisi nyingi bado zinaandika anwani kwa kiwanja na kitalu, na aliyezoea barua za ofisi ataiingiza kwenye "addr:housenumber" bila wasiwasi. Asiiingize. Namba ya nyumba ni ile ya kibao cha mlangoni.

Na kibao kisomwe kwa miguu. Kunakili kutoka ramani ya kampuni, hata kama iko wazi kwenye simu ya kila mtu, ni wizi wa data, na kazi yote iliyoingia kwa njia hiyo hufutwa ikigundulika. Data za serikali nazo zinahitaji ruhusa kabla ya kumiminwa humo, kwa sababu kinachoingia OpenStreetMap kinatoka kwa leseni huria na yeyote duniani anaweza kukitumia. Kuhusu maumbo ya nyumba siku hizi hatuna shida kubwa. Mwaka 2019 Microsoft ilitoa maumbo ya majengo milioni 18 ya Tanzania na Uganda yaliyotambuliwa na kompyuta kutoka picha za setilaiti, na mwaka 2021 Google ikatoa milioni 516 ya sehemu kubwa ya Afrika. Mapaa tunayo ya kumwaga. Kompyuta inaona bati. Haioni kibao kilicho chini ya bati, wala haimsikii kondakta anavyopaita mahali.

Kondakta ndiye ninayetaka kumzungumzia kwa kirefu, kwa sababu naamini anwani halisi za Dar es Salaam ziko mdomoni mwake. Kimara Bucha, Kimara Korogwe, Buguruni Sheli, Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu, Tabata Relini, Tandale kwa Mtogole. Ukimpigia zimamoto 114 usiku, hakuna atakayeanza na postikodi. Utasema umeteremka kituo gani, umeingia kulia au kushoto, umepita nini. Kwa hiyo mtu akinijia na saa moja tu ya kujitolea, simpeleki kwenye namba za nyumba. Namwambia aweke vituo vya daladala na majina yake kama yanavyotamkwa, kisha shule, zahanati, misikiti na makanisa. Namba zitafuata. Wapo wenzangu wanaoniona nachelewesha maendeleo. Sawa, lakini namba 14 isiyo na kituo cha kuteremkia haimfikishi mtu.

Majina hayo yana ukaidi wake. Chukua Tabata Dampo. Dampo lilikuwepo kweli, jiji lilimwaga taka zake hapo, wakazi wakaenda mahakamani, hatimaye likafungwa. Kuna watu wazima wenye watoto ambao hawajawahi kuona taka za Tabata Dampo. Jina halijali. Mgeni anayeamini ramani kuliko masikio angelifuta kwa hoja kwamba hakuna dampo. Jina la mahali halihitaji kuwa maelezo ya mahali.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko barabara ya Mandela, kule Temeke, kwenye viwanja viwili vya mpira vilivyokaa bega kwa bega. Kile cha zamani kilikuwa ndicho Uwanja wa Taifa. Kipya cha watu 60,000 kilipofunguliwa mwaka 2007 kikalichukua jina hilo, na cha zamani kikabaki na jina la Uwanja wa Uhuru. Mwaka 2020, alipofariki Rais Benjamin Mkapa, kipya kikapewa jina lake. Hapo hatujagusa majina ya mashabiki: cha zamani wao wanakiita Shamba la Bibi, cha sasa wanakiita Kwa Mkapa, na siku ya Simba na Yanga utasikia tu "Lupaso", kijiji alikotoka mzee.

Mchoraji asiyejua lebo atachagua jina moja na kuyatupa mengine, au atayabandika yote kwenye "name" yakiwa yametenganishwa na mistari kama orodha ya sokoni. Njia iliyonyooka ni kuyapa kila moja kiti chake. Kwenye "name" linakaa lililo rasmi na lililoandikwa getini, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kwenye "old_name" linakaa Uwanja wa Taifa. Kwenye "loc_name", yaani jina la wenyeji, yanakaa Kwa Mkapa na Lupaso, yakitenganishwa na nukta mkato. Cha jirani kinapata Uwanja wa Uhuru kwenye "name", Shamba la Bibi kwenye "loc_name", na kwenye "old_name" kinapata... Uwanja wa Taifa. Ndiyo, mara ya pili. Viwanja viwili vina jina moja la zamani, kwa vipindi tofauti, na vyote viwili vinalistahili. Babu anayesimulia sherehe za uhuru za 1961 alizoziona "Taifa" anazungumzia uwanja mmoja, na kijana anayesimulia mechi ya 2015 "Taifa" anazungumzia mwingine. Ramani nzuri inawaelewa wote wawili.

Nikikuta mchoraji amefuta jina la zamani kwa sababu "limebadilishwa", huwa nalirudisha, tena kwa ukali kidogo. Barabara ya Ocean ilipogeuka kuwa Barack Obama mwaka 2013, hospitali ya pale haikuacha kuitwa Ocean Road, na mgonjwa anayetoka Newala hatafuti Obama.

Jina moja tu ndilo silirudishi: la mtu binafsi. "Nyumba ya mzee fulani" ni anwani nzuri mdomoni, kwa sababu anayeuliza na anayejibu wanatazamana. Kwenye ramani inasomwa na mtu ambaye hujui yuko nchi gani wala anamtafuta mzee kwa lipi. Tena OpenStreetMap haina kifutio cha kweli. Ukifuta, toleo la awali linabaki kwenye historia na nakala zimeshasambaa. Ofisi ya serikali ya mtaa iwekwe, jina la mwenyekiti lisiwekwe. Duka lenye jina la mwenyewe juu ya mlango ni jambo lingine, yeye ndiye aliyelitangaza.

Yule kijana alisahihisha kazi yake yote kabla ya magharibi. "Nyumba hii haiuzwi" zilifutika zote, namba zikakaa mahali pake. Akakwama kwenye njia moja nyuma ya kituo. Wiki tatu nyuma tulipiga picha nguzo yake na kibao chake, sasa nguzo haipo, imeng'olewa, bila shaka iko kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Akaniuliza kama jina la njia lifutwe, maana kanuni ni kuandika kilichopo. Nikamwambia akawaulize bodaboda wa pale kijiweni.

Alirudi ameshika simu, hajui acheke au aulize tena. "Jina la kibao hawalijui, mwalimu. Ila njia wanaijua. Wanaiita Kwenye Nguzo Iliyoibiwa."

Akaniangalia vidole vyangu vikitafuta "loc_name".